Kunguni Mnuko na Wadudu Wenzake Wakuja: Mwongozo Kamili wa Kuishi Nao

Watu wengi humgundua kunguni mnuko akiwa ameshaingia ndani. Ametulia kwenye pindo la pazia, au anagonga gonga balbu ya sebuleni usiku wa baridi. Kufikia hapo nafasi nzuri ya kumzuia imeshapita kwa wiki kadhaa. Mdudu huyu hafuati chakula chako wala uchafu wa nyumba yako. Anakuja kwa kalenda, na asiyeijua kalenda hiyo atanunua dawa kila mwaka asione tofauti. Kumtokomeza kabisa hutaweza, maana nje ana misitu na mashamba ya kujificha. Unachoweza ni kuwafanya mamia wawe wachache, na wachache hao uwatoe bila nyumba kunuka.

Hapa tunamzungumzia hasa Halyomorpha halys, kunguni wa kahawia mwenye madoa madoa, asili yake China, Japani, Korea na Taiwan. Si yule kunguni wa kitandani: huyu hanyonyi damu, hazai ndani ya nyumba, hali mbao wala nguo. Nchini Marekani alionekana kwanza Allentown, Pennsylvania, katika miaka ya 1990, akatambuliwa rasmi mwaka 2001. Kufikia 2010 alikuwa ameharibu matufaha ya mamilioni ya dola katika majimbo ya mashariki. Uswisi, Italia, Georgia na Chile nazo zimemkaribisha bila kupenda. Kote huko inaaminika alifika kama abiria: ndani ya makontena, masanduku ya mbao na magari yaliyoegeshwa bandarini.

Hakikisha ni yeye

Usianze kazi kabla hujamtazama vizuri, kwa sababu anafanana na wadudu wa kienyeji wasio na hatia, na mmoja wao ni rafiki. Mnase ndani ya glasi, mwekee karatasi nyeupe chini, kisha angalia haya:

- Urefu wake ni milimita 12 hadi 17, umbo kama ngao, na mapana yake yanakaribia urefu.
- Vipapasio vyake vina pete nyeupe. Hii ndiyo alama ya kwanza kuitafuta.
- Pembezoni mwa tumbo, pale panapochomoza nje ya mabawa, kuna mistari myeusi na myeupe inayopishana.
- Mabega ni laini, hayana miiba wala meno.
- Tumboni ni rangi hafifu, kijivu au krimu.

Ukiona mabega yamechongoka kama miiba miwili, huenda umemshika Podisus maculiventris wa Amerika Kaskazini, ambaye hula viwavi na wadudu wengine, mrudishe bustanini. Miguu ya nyuma ikiwa na sehemu pana kama jani, huyo ni mnyonya mbegu za misonobari, Leptoglossus, naye pia hujificha majumbani wakati wa baridi na hutolewa kwa njia zile zile. Barani Ulaya yupo Rhaphigaster nebulosa anayechanganya hata wazoefu. Mgeuze chali: Rhaphigaster ana mwiba mrefu tumboni unaoelekea mbele katikati ya miguu, Halyomorpha hana.

Tunutu, yaani wadogo ambao hawajaota mabawa, hupita hatua 5. Wa hatua ya kwanza ni wekundu wa machungwa na weusi, wana ukubwa wa kichwa cha pini, na hukaa wamebanana juu ya maganda ya mayai waliyotoka. Hawapumziki pale: wanafyonza bakteria ambao mama aliwapaka kwenye mayai, na bila bakteria hao wengi hawakui. Kwa mkulima maana yake ni kwamba kuna siku chache ambapo kizazi kizima kimekaa kwenye jani moja, kinangoja kuokotwa.

Mwaka wa kunguni mnuko

Miezi tutakayotaja ni ya nusu ya kaskazini ya dunia; upande wa kusini ongeza miezi 6.

Aprili hadi Juni, jua linapokolea, wazima waliolala majira ya baridi hutoka mafichoni. Hawa ndio unaowaona madirishani wakitafuta njia ya kwenda nje; watu hudhani ni uvamizi mpya, kumbe ni wale wale wa mwaka jana wanaaga. Baada ya wiki chache za kula hupandana, na jike hutaga vifungu vya mayai yapatayo 28 chini ya majani, mara nyingi katika muda wa kiangazi. Sehemu za baridi hupatikana kizazi kimoja kwa mwaka, zenye joto viwili.

Kuanzia Septemba mchana unapofupika, wazima huacha kula na kuanza kutafuta mahali pakavu, penye giza na pembamba pa kujibanza. Porini wangeingia chini ya magome ya miti mikubwa iliyokauka. Ukuta wako, kwao, ni mti mkubwa uliokauka. Hutua hasa alasiri zenye jua baada ya usiku wa baridi, kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba, na nyumba zilizo karibu na misitu au mashamba, zenye kuta za mbao, mawe au rangi za kahawia na kijivu, hupata wengi zaidi. Wakishatua hukusanyika pamoja, ndiyo maana mmoja leo huwa wengi kesho kutwa. Katika nyumba moja ya jimbo la Maryland, Marekani, kati ya Januari na Juni 2011, walihesabiwa 26,205. Hesabu hiyo ni ya waliookotwa ndani, si ya waliobaki ukutani.

Kwa hiyo kazi ya kuziba ifanyike Julai na Agosti. Ukiziba Novemba umewafungia ndani.

Kuziba nyumba

Methali ya ufa na ukuta hapa si fumbo. Kunguni mzima ni bapa kuliko anavyoonekana. Mwanya wa milimita 4 unamtosha kupenya akiwa amelala kiubavu. Shabaha yako ni kwamba pasibaki upenyo unaozidi milimita 3 popote kwenye ganda la nje la nyumba.

Vifaa kwa nyumba ya kawaida: mirija 6 hadi 10 ya gundi ya kuzibia yenye mililita 300 kila mmoja, bunduki yake, kamba ya povu ya kujazia mianya mipana, wavu wa chuma kisichoshika kutu wenye matundu ya milimita 1 hadi 2, mipira au brashi za chini ya milango, tochi kali, ngazi imara, na chaki. Mrija mmoja ukiutoa kwa unene wa milimita 6 unafika kama mita 10, yaani madirisha mawili ya ukubwa wa wastani.

1. Tafuta nyufa usiku. Zima taa zote ndani, mtu mmoja apite nje akimulika tochi polepole kwenye fremu za madirisha, chini ya kipaa, na kila bomba au waya unapoingia ukutani. Aliye ndani atie alama ya chaki kila anapoona mwanga. Darini fanya kinyume: panda mchana, zima taa, ngoja dakika 5 macho yazoee giza, kisha tazama. Kila nyota unayoiona huko ni mlango.

2. Anza juu. Watu huhangaika na madirisha ya sebuleni wakati kunguni wengi wanaingilia chini ya kipaa, pale ukuta unapokutana na paa, na kwenye matundu ya hewa ya dari. Weka wavu kwa ndani ya kila tundu la hewa, uukaze kwa skrubu na vipande vya mbao, si kwa pini za karatasi ambazo hulegea baada ya msimu mmoja. Wavu mwembamba mno huziba kwa vumbi na dari hukosa hewa, kisha huota ukungu. Usafishe kwa brashi kavu kila mwaka.

3. Fremu za madirisha na milango. Kwangua gundi kuukuu kwa kisu, futa vumbi, acha pakauke kabisa. Gundi ikipakwa juu ya vumbi au unyevu hubanduka kama ngozi ya nyoka kabla ya baridi ya kwanza. Mwanya unaozidi milimita 10 usiujaze gundi tupu: ingiza kwanza kamba ya povu, halafu gundi juu yake. Bila kamba hiyo gundi hushika pande tatu, na ukuta unapotanuka na kusinyaa hupasuka katikati. Silikoni hudumu muda mrefu lakini haishiki rangi. Utakapopaka rangi tumia gundi ya akriliki.

4. Mabomba, waya, viyoyozi. Kiyoyozi cha dirishani ndicho mlango mkubwa unaosahaulika. Kitoe majira ya joto yakiisha, au kifunike kwa nje na uzibe pande zake kwa vipande vya povu. Matundu ya mabomba yajaze povu la kutanuka, lakini kuzunguka fremu za madirisha tumia lile la kutanuka kidogo. La kawaida lina nguvu ya kupinda fremu hadi dirisha lisifunge.

5. Milango. Ukifunga mlango na bado unaona mwanga chini, weka mpira au brashi inayogusa kizingiti chote. Angalia pia pembe mbili za chini, ambako mpira wa pembeni na wa chini hukosa kukutana. Mlango wa gereji huhitaji mpira wa chini na wa pembeni pia.

6. Nyavu za madirisha. Ziba kila tundu, na hakikisha fremu ya wavu inabana pande zote. Wavu mzima uliokaa kombo ni sawa na wavu uliotoboka.

Kuna sehemu tatu za kuacha wazi. Vitundu vidogo vya chini ya fremu za alumini na plastiki, na nafasi zilizoachwa kati ya matofali ya chini, ni vya kutolea maji. Ukiviziba maji yatarudi ndani ya ukuta. Viwekee wavu wa chuma uliosokotwa, usiviwekee gundi. Tundu la kutolea hewa ya mashine ya kukausha nguo usiliwekee wavu, kwa kuwa nyuzi za nguo hujaa pale na kuwaka moto. Lina kifuniko chake maalumu kinachofunguka kwa upepo. Na bomba la moshi la jiko au hita ya gesi usiliguse kabisa bila fundi wa gesi, maana moshi ukirudi ndani unaua watu.

Ukimaliza nje, funga na ndani: pembeni mwa swichi na soketi, kuzunguka taa za dari, nyuma ya ubao wa chini ya ukuta, mlango wa kupandia darini. Ziba hizi haziwazuii kuingia ukutani, ila zinawazuia kutoka ukutani kuja sebuleni, na kwa mwenye nyumba kuukuu yenye nyufa zisizohesabika ndizo zinazoleta nafuu ya haraka.

Kuwatoa walioingia

Harufu yao hutoka kwenye tezi za kifuani, na ni kemikali zile zile za jamii ya aldehidi zinazoipa giligilani mbichi harufu yake. Anayependa giligilani huenda akawaona wana harufu ya kuvumilika. Wengine hukumbwa na mafua na kuwashwa macho wanapokaa nao wengi, na majimaji yao huweza kuudhi ngozi. Usimponde, wala usimguse kisha ukajipangusa jicho.

Njia bora inatumia tabia yake mwenyewe. Akishtuliwa akiwa ukutani au kwenye pazia, mara nyingi haruki: huachia miguu na kuanguka wima. Basi chombo kikae chini yake.

Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5, ikate theluthi ya juu, geuza kile kipande cha juu kiwe kama faneli ndani ya sehemu ya chini, kifunge kwa gundi ya karatasi. Tia maji kimo cha sentimita 5 na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya kuoshea vyombo, tikisa kidogo. Weka mdomo wa faneli chini ya kunguni, halafu mguse kwa juu na kipande cha karatasi ngumu. Atateleza mwenyewe hadi ndani. Sabuni si mapambo: maji matupu yana ngozi juu yake, na kunguni huelea, huogelea hadi ukingoni na kutoka. Sabuni huvunja ngozi hiyo, maji yakaingia kwenye vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni, akazama katika muda mfupi. Chupa hiyo unaweza kuitumia siku 3 au 4, kisha mwaga chooni na utie maji mapya.

Kwa wengi, kuna kifyonza vumbi, lakini ukikitumia ovyo utajuta: wakisagika kwenye mfuko na bomba, mashine itanuka kila unapoiwasha. Fanya hivi. Chukua soksi ndefu ya nailoni, itumbukize ndani ya bomba la kunyonyea kama sentimita 25, pindo lake ulikunje kwa nje ya mdomo wa bomba na kulibana kwa mpira imara. Nyonya. Ukimaliza, shika soksi kabla hujazima mashine, ivute nje huku ukiisokota mdomo, kisha uitumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni au kwenye mfuko wa plastiki unaokwenda kwenye friza kwa siku 3. Usiku mmoja wa friza hautoshi. Mdudu huyu amejiandaa kwa baridi. Kosa la kawaida ni kuzima mashine kwanza, wote wakatambaa kurudi.

Chumba unachowakuta kila jioni kiwekee mtego wa taa. Watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, waliujaribu, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba trei ya alumini yenye maji ya sabuni na taa inanasa mara 14 zaidi ya mitego ya dukani. Weka trei pana sakafuni, maji sentimita 3 hadi 4, sabuni kidogo bila kufanya povu jingi. Simamisha taa ya mezani imulike maji kutoka juu, mbali na ukingo, na waya wake ukae upande ambao hauwezi kuvutwa ndani ya trei. Zima taa nyingine zote. Mtego huu hufanya kazi katika chumba chenye joto, hasa kuanzia mwisho wa majira ya baridi. Kwenye dari lenye baridi kali utaambulia patupu, kwa sababu wadudu wamelala. Na usiuweke palipo na mtoto au mnyama wa kufugwa.

Kuhusu dawa za kupuliza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mabomu ya dawa yanayowashwa ndani ya chumba huua walio wazi tu. Waliojificha kwenye nyufa hawafikiwi, na baada ya hewa kubadilika wengine hutoka. Kupuliza dawa ndani ya ukuta kunaleta kero nyingine: maelfu ya mizoga humo ni karamu ya mbawakawa wa mazulia, ambao wakimaliza mizoga huhamia kwenye sufu, manyoya na nafaka zako. Kunguni walio hai ukutani wataondoka wenyewe Mei. Mizoga haiondoki.

Dawa ya nje ina nafasi yake ndogo: ukuta wa nje, chini ya kipaa na kuzunguka fremu, ipulizwe na mtu mwenye leseni mwanzoni mwa Septemba kabla hawajatua. Jua huivunja ndani ya siku chache hadi wiki moja hivi, kwa hiyo ikipulizwa mapema mno imepotea bure. Jihadhari pia na hesabu ya mizoga. Kunguni aliyeguswa na dawa za jamii ya pairethroidi hulala chali akitikisa miguu, ukadhani amekwisha, kisha baada ya siku kadhaa baadhi yao huamka na kuruka. Wafagie na kuwatia kwenye maji ya sabuni siku hiyo hiyo.

Bustani na miti ya matunda

Anakula zaidi ya aina 170 za mimea, kuanzia matufaha, pichi, zabibu na njugu hadi nyanya, pilipili, maharage, soya na mahindi. Hatafuni. Huchoma kwa mrija wa mdomo, huingiza mate yanayoyeyusha nyama ya tunda, kisha hunyonya. Kwa sababu hiyo uharibifu haulingani na ule wa viwavi. Nyanya huwa na mabaka meupe au ya njano chini ya ganda, ukimenya unakuta nyama kama sponji. Tufaha huwa na mashimo mafupi, na chini yake nyama kavu ya kahawia kama kizibo. Hindi linaonekana zuri hadi umenye maganda, ukute punje zilizonywea. Tunda lenye mabaka linalika, kata sehemu hiyo. Lakini halitunziki, maana kila tundu ni njia ya kuoza.

Kagua mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema kabla jua halijawachangamsha. Geuza majani, tafuta vifungu vya mayai meupe ya kijani, na tunutu waliobanana. Kata jani zima, tia kwenye ndoo ya lita 5 iliyojazwa nusu maji na vijiko viwili vikubwa vya sabuni. Wazima wagongee wadondoke humo humo. Ukiwa na miche 20 ya nyanya, kazi hii ni ya dakika 15. Kwa bustani ya nyumbani hatujui njia inayoizidi.

Wavu juu ya mimea unafaa, mradi uingie kabla ya kunguni. Matundu ya milimita 3 huzuia wazima lakini tunutu wadogo hupenya. Ya milimita 1 huzuia wote, na pia huzuia nyuki na wadudu wanaokula vidukari, hivyo usishangae vidukari wakizidi humo ndani. Nyanya na pilipili hujichavusha, zinaweza kufunikwa muda wote. Matango na maboga yafunue asubuhi yanapochanua, au uchavushe kwa brashi. Wavu usigusane na tunda: mdomo wa kunguni hupitia tunduni bila shida.

Alizeti na mtama vikipandwa pembeni kama mazao ya mtego huwavuta kutoka kwenye pilipili. Ila mtego unataka mtu wa kuutembelea. Ukipanda alizeti usiwaokote walio juu yake, umewafungulia mgahawa. Hali ni hiyo hiyo kwa mitego ya feromoni, yaani harufu wanayoitania: inavuta kunguni kutoka mbali, lakini wengi hutua kwenye mimea ya jirani badala ya kuingia mtegoni. Majaribio ya bustani za Maryland yalionyesha nyanya zilizokuwa karibu na mitego zikiharibika zaidi. Ukiweka mtego, uwe mbali na mazao, na uuchukulie kama kengele ya kukujulisha wamefika.

Sabuni ya kuulia wadudu, ile ya chumvi za potasiamu, kwa kipimo cha mililita 20 kwa lita moja ya maji, huua tunutu inaowagusa ikiwa bado majimaji. Ikikauka haina kazi, na wazima hawaitambui. Usitumie sabuni ya vyombo kwenye majani, inaunguza. Dawa kali zaidi kwenye chakula zitumike kwa kufuata lebo, hasa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kwa kukumbuka kwamba zinaua pia wanaokusaidia.

Wanaokusaidia ni pamoja na nyigu wa samurai, Trissolcus japonicus, mdudu wa milimita 1 hadi 2 asiyeweza kumdunga binadamu. Jike hutaga yai lake ndani ya yai la kunguni, na badala ya tunutu hutoka nyigu. Naye ametoka Asia. Mwaka 2014 aligunduliwa Beltsville, Maryland, akiwa amefika mwenyewe, na Italia imekuwa ikimwachia makusudi tangu 2020. Kwa hiyo mayai yaliyogeuka kijivu au meusi yote usiyaponde: hayo huenda yana nyigu. Mayai meupe na ya kijani ndiyo ya ndoo. Maua madogo madogo kama ya bizari na shamari huwapa nyigu hao chakula.

Wakuja wengine utakaokutana nao

Mdudu-kibibi wa Asia, Harmonia axyridis, huingia nyumbani wiki zile zile na kunguni. Aliletwa makusudi kula vidukari. Mtambue kwa alama kama herufi M nyuma ya kichwa. Akishikwa hutoa damu ya njano kwenye magoti, nayo huacha doa lisilotoka kwenye pazia na ukuta, kwa hiyo usimfagie kwa nguvu. Ziba zile zile na soksi ile ile zinamtosha.

Megacopta cribraria, aliyeonekana jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 2009, ni mdogo, milimita 4 hadi 6, rangi ya zeituni. Kwa huyu nyavu ziwe na matundu madogo zaidi, na vaa glavu: majimaji yake huunguza na kuipaka ngozi rangi ya machungwa.

Lycorma delicatula, mwenye mabawa ya kijivu yenye madoa na mabawa ya ndani mekundu, aligunduliwa Berks County, Pennsylvania, mwaka 2014. Haingii nyumbani. Hunyonya mizabibu na miti, na kudondosha umajimaji mtamu unaoota ukungu mweusi. Kazi yake ni ya Oktoba hadi Mei: tafuta mayai yake, yanayofanana na tope lililokauka lenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, kwenye magome, mawe, viti vya nje na chini ya magari. Kila doa lina mayai 30 hadi 50. Kwangua kwa kadi ya plastiki ndani ya mfuko wenye spiriti au jeli ya kusafishia mikono, funga. Kukwangua na kuacha yaanguke chini hakusaidii, yataanguliwa hapo hapo. Epuka kuviringisha mikanda ya gundi mitini bila kuifunika wavu, kwani hunasa ndege.

Usimpe lifti

Ukihama nyumba au kupeleka mizigo kati ya Septemba na Aprili, kagua kama unavyokagua kunguni wa kitandani. Fungua mikunjo ya mahema, viti vya nje, masanduku ya karatasi, chini ya zulia la gari, nafasi ya tairi la akiba, na mipira ya milango. Katoni mpya ni salama kuliko zilizokaa gerejini. Mwaka 2018 New Zealand iliyarudisha baharini mameli yaliyobeba magari kutoka Japani kwa sababu ya kunguni hawa, na Australia huweka masharti maalumu kwa mizigo ya kuanzia 1 Septemba hadi 30 Aprili, ikiwemo kupashwa moto hadi 56°C kwa dakika 30. Ukimkuta kunguni mnuko katika eneo ambalo hajawahi kuripotiwa, usimtose kwenye sabuni kwanza. Mpige picha juu na tumboni, mtie kwenye kichupa kilichofungwa, kiweke friza, andika tarehe na mahali, kisha uwapelekee maofisa wa afya ya mimea wa eneo lako. Picha ya mgongo peke yake mara nyingi haitoshi kumtenganisha na wenzake wa kienyeji.